Kiapo cha Kutoijua Bangi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema mapema kwa sababu nimewahi kuona watu wakisoma habari za nchi isiyokuwapo, halafu wakaanza kuangaliana. Wasiangaliane. Haipo. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni ya kupiga picha za kitambulisho, lakini haipo, na mimi nilikuwa mhudumu wa chai katika ofisi yake mojawapo.

Katika nchi hiyo bangi ilikuwa haramu kwa miaka hamsini. Mtoto alifundishwa kwanza kusalimia, kisha kwamba bangi ni adui, kisha kuhesabu. Halafu Mkuu wa Nchi akasafiri kwenda ng'ambo, na huko, wakati wa kifungua kinywa, mtu mmoja akamwambia kuwa wenzetu wanaifanya dawa, mafuta ya kujipaka na hata biskuti, na kwamba wanaitafuta kwa udi na uvumba. Mkuu wa Nchi hakumaliza yai lake. Alirudi siku hiyohiyo, akatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi redioni, akasema:

"Ndugu wananchi, adui amesamehewa."

Tangu hapo ikaitwa Jani la Uchumi.

Lilibaki jambo moja dogo. Sheria ya zamani haikufutwa. Bunge lilisema kufuta sheria ya wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki ni utovu wa adabu. Basi sheria mpya ikatandikwa juu ya ile ya zamani, kama shuka juu ya shuka. Ofisi mpya ikafanya kazi na shuka la juu, polisi wakaendelea na la chini, na mwananchi akalala katikati.

*

Ofisi hiyo mpya niiite Mamlaka tu, maana jina lake kamili lilichukua ubao wote wa getini na kona ya ukuta. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Mheshimiwa Fidelis Lugembe, mtu mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kampeni ya kuteketeza bangi nchi nzima. Watu wa midomo wakasema, aliyekuwa akiichoma ndiye leo aipalilie? Yeye akajibu kwamba miaka yote ile alikuwa akiichoma huku amefumba macho. Jibu hilo ndilo lililompa kazi.

Kwa sababu sharti lilikuwepo. Sheria ya chini ilisema anayeijua bangi ni mhalifu, na Mamlaka haiwezi kuajiri wahalifu. Kwa hiyo iliajiri wale tu wasioijua. Siku ya usaili waliweka picha ya jani mezani. Aliyesema "hii ni bangi" alionyeshwa mlango wa kushoto, walikokuwa wamekaa polisi. Alikuja msomi mmoja aliyekaa chuo kikuu miaka sita akisoma mimea, na kitabu amekiandika juu ya jani hilohilo. Akajibu kila swali, hakukosea hata moja. Sikumwona tena. Bwana Shilinde aliigeuza picha juu chini, akakuna kidevu, akauliza, "Hii ni feni?" Akapewa cheo cha Mkaguzi Mkuu.

Kisha kikaja kiapo. Kiliitwa Kiapo cha Kutoijua, na wote walikiapa, tangu Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini: "Sijaiona, sijainusa, sijaishika, na nikikutana nayo njiani sitaitambua." Atakayekivunja, miaka mitano jela. Ilipofika zamu yangu kitabu cha kuapia kilikuwa bado kiko kwa wakubwa, nikaambiwa niweke mkono juu ya birika la chai. Lilikuwa limetoka jikoni.

Nikaapa. Na nilikuwa nasema uongo.

Bangi mimi naijua. Mama yangu alifariki nikiwa natambaa, akanichukua dada yake, Mama Mkubwa Nyamizi, kijijini Mapande, na Mama Mkubwa alikuwa akiipanda katikati ya mistari ya mahindi. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye mistari ile, na madaftari, na dawa za malaria. Nilianza kuipalilia nina miaka saba. Naweza kutenganisha dume na jike kwa kupapasa tu, nimegeukia kwingine. Mwaka niliomaliza darasa la saba polisi walikuja na mapanga wakafyeka shamba, na sekondari yangu ikafyekwa humohumo. Silalamiki. Naeleza tu ili ijulikane nilichokuwa nakana pale juu ya birika. Nilihitaji kazi, na kiganja kilipona baada ya wiki moja.

*

Masharti ya leseni yalibandikwa ukutani pale mapokezi. Shamba liwe na uzio wa mita tano. Mlinzi awe na shahada. Pawe na kamera za kuangalia shamba, na kamera nyingine za kuangalia zile kamera. Mwombaji awe na mikono misafi, yaani yeye na ukoo wake wote wasiwe wamewahi kuilima, kuiuza, kuivuta, wala kusimama upande moshi wake unakoelekea.

Watu wa Mapande, walioilima miaka hamsini, wakakosa sifa wote kwa mpigo. Leseni akapata mtu mmoja tu, aliyeitwa Mwekezaji. Mikono yake ilikuwa misafi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuiona. Hata sahihi yake ililetwa kwenye bahasha.

Mama Mkubwa alisikia redioni kwamba asiye na leseni aachane na jani. Yeye ni mtu wa kutii. Aling'oa kila shina kwa mkono wake, akayafukia, akapanda muhogo shamba zima. Ulipofika kiunoni, akaja mjini.

Nilikuwa napanga vikombe pale mapokezi nilipomwona anaingia, amejifunga kanga zake za kanisani, kandambili zimeshonwa kwa waya. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni pake akisubiri chai. Mama Mkubwa akaniona. Uso ukamchangamka, akafungua mdomo aniite.

Nikamuwahi. "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

Alinitazama, kisha akamtazama Mkurugenzi.

"Marahaba, binti," akasema. "Namtafuta mkubwa wa jani."

Nikarudi kwenye vikombe vyangu.

"Karibu, mama, karibu sana," Mkurugenzi akasema. "Mamlaka ni yenu wananchi. Una shida gani?"

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa na lile jambo."

"Jambo gani?"

"Lile."

"Usilitaje!" Mkurugenzi akaziba sikio moja. La pili alilihitaji kusikilizia.

"Silitaji, baba. Nimeling'oa. Sasa nina muhogo. Ila polisi wa kule kila wakipita wananihoji, na kila wakinihoji kuku wangu wanapungua. Ndiyo nikasema nije kwenu, mnipe karatasi ya kuonyesha kwamba mimi na lile tumeachana."

Mkurugenzi alifurahi mno. Tangu Mamlaka ianzishwe hakuna mwananchi aliyewahi kuja mwenyewe kuomba akaguliwe. Palepale akabuni hati mpya, akaiita Cheti cha Kutokuwa Nayo, akamwita katibu aiandike kabla haijasahaulika.

"Lakini cheti, mama, hakitolewi hewani," akasema. "Mkaguzi Mkuu atakuja mwenyewe alione shamba. Akiridhika, hutaguswa na mtu mpaka unaingia kaburini. Asiporidhika, basi sheria ile nyingine ipo. Ni jela."

"Aje tu. Atakula muhogo."

Nilimfuata hadi getini na kisingizio cha kumwaga majani ya chai. "Mama," nikamnong'oneza, "nisamehe."

"Nyamaza, mlinzi anatutazama," akasema bila kugeuza shingo. "Kazi ni kazi. Unakula? Mbona umekonda hivyo."

*

Tulienda Mapande siku ya Jumanne: Bwana Shilinde, dereva, askari mmoja wa shuka la chini, na mimi wa kubeba chupa ya chai, maana Mkaguzi Mkuu kwa cheo chake hakuruhusiwa kubeba kitu kinachovuja.

Bwana Shilinde alikuwa na picha ya serikali ya kutambulia jani. Asili yake ilikuwa ya rangi, lakini ilikuwa imetolewa nakala, na nakala ikatolewa nakala, mpaka hii yake ilikuwa doa jeusi lenye vidole. Akasimama kichwani mwa shamba, akaiinua juu, akalinganisha. Akakamata jani moja, akaanza kuhesabu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba." Akahesabu vidole vya kwenye picha. "Saba." Akavua kofia. "Vimetimia."

Mama Mkubwa akacheka. Alidhani ni utani wa watu wa mjini. "Mwanangu, huo si muhogo?"

"Unajuaje kwamba ni muhogo?"

"Naula kila siku."

"Andika," Bwana Shilinde akamwambia askari. "Mtuhumiwa amekiri matumizi ya kila siku."

"Jamani! Haya, majani yake natwanga napika kisamvu, mizizi yake nachemsha. Hiyo mnayoitafuta ina mizizi ya kuchemsha?"

"Mimi sijui ina nini," Bwana Shilinde akasema kwa fahari. "Nimeapa."

Mama Mkubwa akaona maneno hayasaidii. Akachukua jembe, akachimbua shina moja, akautoa muhogo mnene kama mguu wa mtoto, akautupa miguuni pa Mkaguzi Mkuu. Askari akaruka nyuma. Bwana Shilinde akauzunguka mara mbili, akaandika kwa sauti: "Mmea una mizizi mikubwa kupita kiasi. Huenda ni aina mpya, yenye nguvu zaidi."

Basi Mama Mkubwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa mpumbavu, akaumenya ule muhogo, akauchemsha, akauleta kwenye sinia na chumvi na pilipili. Wakala. Wakala wote, askari akaongezwa. Bwana Shilinde alipomaliza akajipangusa midomo, akaandika kwamba kidhibiti namba mbili kiliisha wakati wa uchunguzi, kisha akasema, "Mama, uko chini ya ulinzi."

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipogeuka akanitazama. Sikuwa mbali, nilikuwa nafunga chupa ya chai. Dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema, "Si tumuulize huyu dada? Anaonekana mtu wa shamba."

"Msimuulize huyo," Mama Mkubwa akasema haraka. "Huyo ni mtoto wa mjini, atajua nini."

Akainua mikono afungwe pingu. Nikaangalia kifuniko cha chupa. Kifuniko kile nakijua hadi leo, kilikuwa na ufa upande wa kulia.

*

Kabla ya kesi kwenda mahakamani, sheria ya juu ilitaka Mamlaka ithibitishe kwamba mmea ni wenyewe. Kwa kazi hiyo kulikuwa na Kamati ya Utambuzi, wajumbe kumi na mmoja, wote wamekula kiapo. Walikaa kuzunguka meza ndefu. Katikati, juu ya kisosi cha chai, lililazwa jani la shambani kwa Mama Mkubwa, limenyauka, vidole vimekunjamana. Mama Mkubwa mwenyewe alikaa kwenye benchi karibu na mlango, na askari wa kike pembeni yake. Mimi nilikuwa namimina chai.

Mkurugenzi alifungua kikao. "Waheshimiwa wajumbe! Leo historia imekuja, imevuta kiti, imeketi pamoja nasi. Dunia nzima inauliza, je, nchi hii inaweza kutambua kile isichokijua? Nasi tunaijibu dunia: subiri!"

Wakapiga makofi. Historia ikasubiri. Kila mjumbe alipewa kisosi akitazame kwa dakika mbili, akimpitishia mwenzake akasema, "Sikitambui," na katibu akaandika. Walipofika wa saba, mjumbe mmoja mwenye miwani akakawia. Akalinusa.

"Mheshimiwa," akasema, "mbona hili linafanana na kisamvu cha nyumbani kwangu?"

Nilisimama, birika mkononi. Mama Mkubwa akainua kichwa.

"Ndugu mjumbe," Mkurugenzi akasema polepole, "unasema hili si bangi?"

"Naona kama ni muhogo."

"Ili useme si bangi, lazima ujue bangi ikoje. Unaijua?"

Mjumbe akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Naomba maneno yangu yafutwe."

"Yamefutwa. Na nyumbani kwako?"

"Nyumbani hatuli kisamvu, Mheshimiwa. Hatujawahi."

Ilikuwa imefika saa saba, chakula kikaletwa. Wapishi wa ofisi siku hiyo walikuwa wamepika ugali, samaki, na bakuli kubwa la kisamvu cha karanga. Wajumbe wakala kimya kimya. Mwenye miwani akakataa kisamvu, akasema tumbo halijamkaa vizuri. Wengine wakakifuta bakuli kwa tonge. Kisosi kikabaki palepale, sentimita chache kutoka kwenye bakuli, na hakuna aliyetazama hiki na kile kwa wakati mmoja.

Baada ya chakula wakarudi palepale. Hakuna anayekitambua. Mkurugenzi akaanza kutokwa na jasho, maana mahakama ilitaka jibu kabla ya saa tisa. Ndipo Bwana Shilinde akapata wazo.

"Mheshimiwa, kanuni zinaruhusu kumuuliza mtu wa kawaida. Mtu asiye na elimu ya kumpotosha. Kama huyu binti wa chai."

Wakageuka wote kumi na mmoja.

"Jina lako nani, binti?"

"Kabula."

"Umesoma?"

"La saba, Mheshimiwa."

"Safi kabisa. Sogea. Tazama hapa kwenye kisosi. Ukisema ni mmea mwingine, na ukaweza kutueleza umejuaje kwamba si ule, mama yule anarudi kwake leo leo. Usipojua, sema hujui. Hapa hakuna kulazimishana."

Nikasogea. Jani lilikuwa limekauka kingo, lina harufu ileile ya majani ya muhogo yakianza kunyauka, harufu ya kinu. Nilijua vidole vya bangi vina meno pembeni kama msumeno, na hivi havina. Nilijua bangi ukiivunja shina inanata na kunuka mpaka kesho, na hili shina lake linatoa maji meupe. Nilijua mambo yote ya kutosha kumrudisha Mama Mkubwa nyumbani kabla giza halijaingia. Kila nililolijua lilikuwa pia miaka yangu mitano.

Sikumtazama. Lakini kwa pembe ya jicho niliona anafanya nini. Alikuwa ameinama, anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe, ili macho yake yasinilazimishe.

"Sijui, Mheshimiwa," nikasema.

"Hujui kabisa?"

"Kabisa."

"Mnaona!" Mkurugenzi akasimama. "Huyu ndiye raia! Laiti tungekuwa na wengi kama huyu!" Wakanipigia makofi. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi maishani mwangu, hata siku ya kumaliza shule. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu.

Kisha Mkurugenzi akatoa uamuzi, na wanasheria wa nchi ile mpaka leo wanausifu. "Waheshimiwa, sisi sote tumeapa kwamba bangi tukiiona hatutaitambua. Hiki tumekiona, na hatukukitambua. Kwa hiyo ndicho."

Kila mjumbe akaweka sahihi. Nikawamiminia chai ya kuagana. Mama Mkubwa akapata miaka saba, mwaka mmoja kwa kila kidole cha jani, hakimu akaona hiyo ni haki na pia ni rahisi kukumbuka.

*

Serikali ikawa na shamba lisilo na mwenyewe. Mwekezaji alikuwa anatafuta ardhi, akaletewa barua kwenye bahasha, akajibu kwenye bahasha, akapewa Mapande. Uzio wa mita tano ukasimama. Kamera zikaanza kuangaliana.

Miche ya Mwekezaji ilipofika, Bwana Shilinde alienda kuikagua kama sheria inavyotaka. Ilikuwa ya kweli, naapa, na safari hii siapi juu ya birika. Harufu yake ilinifikia nikiwa bado ndani ya gari. Ilikuwa michanga, majani yake yana vidole vitano. Bwana Shilinde akahesabu, akatikisa kichwa. "Vitano. Si yenyewe. Hii naitambua, ni maua ya bustani." Ikaandikwa maua ya bustani, na maua ya bustani katika nchi ile hayalipiwi ushuru.

Ila palitokea shida. Wafanyakazi wa Mwekezaji walikuwa na mikono misafi, kwa hiyo hawakujua kuyapanda hayo maua. Yakaanza kufa. Mamlaka ikakaa, ikakumbuka kwamba wafungwa hawakuapa. Wakaletwa kutoka gerezani kwa lori, wanawake kumi na wawili, mbele yao Mama Mkubwa Nyamizi, sare ya gereza imempwaya.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo na chupa ya chai. Mkurugenzi alihutubia saa nzima juu ya utaalamu wa wazawa. Nyuma yake Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti kwenye shamba lake mwenyewe, anapanda kwa amri ya serikali kile alichokifukia kwa amri ya serikali, na askari anamlinda asikimbilie nyumbani kwake, hatua ishirini kutoka pale. Paa la nyumba lilikuwa tayari limeezuliwa, panajengwa choo cha wageni.

Mkurugenzi akaomba chai. Nilipita njia ya mbali, kuzunguka hema, ili nisipite alipokuwa amepiga magoti.

*

Ilinichukua miezi minne mingine kwenda gerezani. Ningesema nilikuwa nasubiri likizo, lakini likizo nilikuwa nayo. Kila wiki nilipanga Jumapili, na kila Jumapili nilipata nguo za kufua.

Nilipokwenda, nilipika wali na maharage ya nazi, nikapakua kwenye bakuli, nikafunika kwa kanga. Njia nzima nilikuwa narudiarudia neno moja. Dirishani alikaa askari wa zamu, mtu mzima, daftari kubwa mbele yake.

"Unamwona nani?"

"Nyamizi wa Mapande."

"Ni nani wako?"

Nikavuta pumzi. "Mama yangu."

Nililisema kwa nguvu hata waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakanyamaza. Niliona kama nimetua mzigo. Nikasubiri mlango ufunguliwe.

Askari akafungua daftari, akateremsha kidole, akasimama mahali. "Huyu hana mtu."

"Ana mimi."

"Dada, hapa imeandikwa. Siku alipopokelewa aliulizwa ndugu, watoto, yeyote. Akasema hana. Nilimwandika mwenyewe, nikamuuliza mara mbili, maana si kawaida. Akasema, 'Andika sina, baba, usimtafute mtu.'"

"Alisema vile ili kunificha. Mimi ni mhudumu wa Mamlaka. Niliapa siijui bangi, na naijua, yeye ndiye aliyenifundisha. Ule ulikuwa muhogo. Niliulizwa nikasema sijui. Niandike hivyo."

Askari akanitazama kwa huruma kidogo. "Yeye anasema hana mtoto. Wewe unasema ni mama yako. Mmoja wenu ni mwongo, na yeye tayari yumo ndani."

"Mwongo ni mimi!"

"Basi kama mwongo ni wewe," akasema taratibu, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi, "hata hili la kwamba ni mama yako litakuwa uongo. Siwezi kuliandika. Na hayo mengine hayana sehemu kwenye daftari, tazama mwenyewe." Akaligeuza nione. Kweli hayakuwa na sehemu. "Chakula unaweza kuacha. Tunapokea vya wasamaria. Taja jina lolote."

Nikamkabidhi bakuli. Akaandika "Msamaria", akamwita mwenzake alipeleke.

Nilikaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima. Mwenzake aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Amekula vizuri," akasema. "Aliniuliza aliyeleta anafananaje, nikamweleza. Akasema ushukuriwe sana, Mungu akuzidishie. Ila akasema hakujui."

Akanipa bakuli. Kwa watu wa Mapande bakuli la ndugu halioshwi. Linarudi na mchuzi wake ukingoni, ndugu ataliosha kwake, na hapo ndipo penye undugu. Bakuli linalooshwa ni la mgeni.

Hili lilikuwa limeoshwa kwa mchanga, ndani na nje, likang'aa. Nikalifunika kwa kanga, kona zote, nikatembea nalo hivyo hadi kituo cha basi, nisije nikakutana na mtu wa kwetu akaona lilivyo safi.